Robota Lisikurudie

Mishi mwanangu,

Sitakuuliza hali, kwa maana hali yako naisikia kupitia pazia. Umefunga begi, umelifungua, umelifunga tena. Mimi niko jikoni nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, karatasi iko juu ya sinia, na magharibi imeshaadhiniwa. Nimekwambia nachambua mchele. Mchele umeshachambuliwa zamani.

Mambo ya sweta, na dawa ya kifua, na usile kwa mtu usiyemjua, Bi Zuhura ameshakwambia, na asubuhi ukishuka ngazi atakwambia tena. Mwenye nyumba wetu huyo kwake yeye bara yote ni baridi na wezi. Mimi bara siijui, kwa hiyo siwezi kukufundisha bara. Ninachokijua ni ndoo ya trekta, ile ya mbele, na nimeona nikuandikie hicho. Nikikueleza kwa mdomo utanijibu, "Mama, nimekusikia," na mtu anayesema nimekusikia upesi hivyo mimi huwa namshuku.

Kushuku kwangu wakujua. Godauni zima la pale Mbaraki lanicheka kwa hilo. Kazungu, mwenzangu wa kazi, husema nikipewa maji huyanusa kwanza. Nayanusa kweli. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilipokuzaa nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo, hata kliniki muuguzi aliniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Baba yako alisema anakwenda Lamu kwa kazi ya kupaka rangi, na kwamba atarudi kabla ya Ramadhani. Hakusema Ramadhani gani. Hapo ndipo nilipoanza kuyasikiliza maneno ya watu kama mtu anavyosikiliza injini, si kwa yale inayoyasema, kwa ule mlio ulio chini yake.

Lakini ya watu niyaache kwanza. Nianze na usawa.

Hiki chumba chetu kimeinama, wajua. Ulipokuwa mdogo gololi yako ukiiacha popote ilikuwa ikikimbilia mlangoni, nawe ulidhani kuna mtu yuwaivuta. Ulilia. Bi Zuhura akasema, "Nyumba ya babu yangu haikuinama! Ni gololi hiyo ya kichina." Mimi nilikuwa nimeshaona uji ukijaa upande mmoja wa sufuria, nikatia kipande cha ubao chini ya jiko, na mpaka leo kiko. Kwa hiyo tulikulia, mimi nawe, mahali ambapo jicho linakwambia sakafu iko sawa na uji unakwambia sivyo. Hiyo ilinifaa kazini kuliko darasa lolote nililoketi, nayo si mengi.

Unajua nilianza pale kwa kufagia mbolea iliyomwagika. Nikifagia huku natazama mikono ya trekta ikipanda na kushuka, mara imefungwa ndoo, mara imefungwa yale meno mawili marefu ya kubebea paleti za magunia. Na niliona kitu ambacho dereva haoni. Ukiwa kitini unaona mgongo wa ndoo tu. Sakafu yake huioni. Kwa hiyo unabahatisha, na kiti kinakunong'oneza kwamba iko sawa. Kila mara kitakwambia iko sawa. Mimi niliyekuwa chini na fagio ndiye niliyekuwa nikiona imelala vipi.

Nyoosha mkono wako mbele, hapo hapo ulipo, kiganja kitazame juu, uweke kikombe. Kitupu, tafadhali. Sasa inua mkono mzima kutoka begani bila kugeuza kifundo. Umeona? Kikombe kinakugeukia usoni. Ndivyo ilivyo ndoo ya trekta la zamani. Kadiri mikono yake inavyopanda, ndivyo ndoo inavyomlalia dereva, na dereva lazima awe anageuza kifundo kidogo kidogo, huku anainua, ili mzigo ubaki umelala. Ukishusha, unageuza kinyume. Kiganja chako cha kulia kwenye kile kishikio kinafanya mambo mawili kwa pamoja, na hakuna wa kukupigia makofi, kwa sababu ukifanya vizuri hakuna kinachotokea.

Mimi nilijifunza hivyo. Kifundo changu kilijua kabla ya kichwa. Kisha wakatuletea trekta jipya.

Hadithi hiyo unaijua, umeisikia ikitiwa chumvi pale uwanjani tangu ungali na pengo la meno, lakini umeisikia kwa upande wa kuchekesha. Trekta lile jipya lina vyuma viwili vya ziada vinavyopita juu ya mikono, vyembamba, sambamba nayo. Kazi yake ni kuigeuza ndoo yenyewe kadiri inavyopanda. Dereva hana haja ya kugeuza lolote. Siku walipolieleza mimi nilikuwa nimekupeleka kuchanjwa. Nikarudi, nikapanda, nikainua paleti ya mbolea, na kifundo changu kikafanya kazi yake ya siku zote. Chuma kikageuza, nami nikageuza. Magunia yakateleza mbele yakashuka moja moja juu ya bodi ya lori, yakapasuka, na dereva wa lori akatoka mweupe kama aliyetolewa kwenye unga.

Kazungu alikuwa akikitaka kile kiti. Kila mtu alijua. Nikashuka, nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote nikasema amelegeza nati.

Wajua alichonijibu? Watu hukusimulia kwamba alitukana. Hakutukana. Aliniambia, "Mama Mishi, mashine yajua na mkono wako wajua. Mkijua nyote wawili kwa mpigo, gunia ndilo lashuka."

Sikumwamini. Nilidhani ni maneno matamu ya kufunika. Ikawa kila asubuhi nakagua nati zote kabla ya kuwasha, na kukagua nati si vibaya, lakini mimi nilikuwa namkagua Kazungu. Tuliishi hivyo miaka, salamu zetu ni za kazi tu: inua, shusha, ngoja. Hata nilipoelewa jinsi vile vyuma vinavyofanya kazi, nilimshuku kwa jambo lingine, kwamba anafurahi nimeelewa.

Basi twende kwenye siku yako ya kikombe.

Ilikuwa saa ya chai, muuza kahawa ameweka dele lake kivulini, na Kazungu akatangaza kwamba sasa binti umeshapata leseni, lazima upimwe kama madereva wote. Kikombe kidogo cha kahawa chungu kimejazwa mpaka ukingoni, kikawekwa katikati ya paleti tupu. Ukipandishe mpaka juu ya rundo, ukishushe, na ukimwaga unawanywesha wote.

"Haya, mpandishe bwana harusi," Kazungu akasema, "na asitoke jasho."

Ukapandisha. Ukashusha. Hata tone. Wakapiga kelele, muuza kahawa akakinywa mwenyewe kwa furaha, nami nikapiga makofi. Lakini moyoni nilikuwa nasema: hilo ni trekta limebeba kikombe, si mwanangu. Kwa sababu lilikuwa trekta jipya, wewe umejifunzia hilo hilo, na kifundo chako hakijawahi kuombwa kitu.

Na pale karibu na lori alikuwa amesimama Bwana Kiplagat, msimamizi wa shamba huko Kitale, amekuja kuchukua mbolea yao. Nilimsikia akimwuliza karani, "Huyu msichana naweza kumpata?" Kumpata! Kama anayeulizia mbuzi. Akaja akazungumza nawe kidogo kando ya trekta; alipomaliza, nikaanza mimi.

Nilimwuliza, kwani Kitale yote hakuna madereva? Akasema wapo. Nikamwuliza, sasa mbona waja kuchukua mtoto wa Mombasa ambaye hajawahi kuona baridi? Akacheka. Akasema, "Mama, wale wetu wanainua mzigo wakiangalia simu. Huyu aliangalia kikombe." Jibu zuri. Mimi jibu zuri hunisumbua kuliko baya.

"Na dereva wenu wa kwanza yuko wapi?"

"Aliacha."

"Aliacha, au aliachishwa?"

"Aliacha tu, mama. Mambo ya nyumbani."

Wewe ulikuwa pembeni unatazama viatu vyako. Nilidhani ni haya.

Alipoondoka nikamwomba anitumie picha ya hilo trekta utakaloendesha. Picha ya kwanza ilikuja, amesimama mbele yake, kofia kichwani, anatabasamu, amelifunika lote. Nikamwandikia: Wewe nimeshakuona. Sogea. Ya pili ilipigwa kutoka mbali, trekta kama sisimizi kwenye zulia. Kwa Bi Zuhura hilo lilikuwa tosha. Alivaa miwani, akaitazama simu, akasema, "Huyu mtu aficha kitu. Mtu asiyeficha apiga picha karibu." Nikamwandikia tena: upande, mikono imeinuliwa, na wewe usiwemo.

Akachelewa siku kadhaa. Kisha ikaja.

Nilikuza ile picha mpaka ikawa vumbi tupu. Mikono miwili. Juu yake hakuna kitu. Hakuna vile vyuma vyembamba. Ni trekta la zamani, la kugeuza kifundo. Na lile paa la chuma juu ya kiti cha dereva, nguzo yake ya kushoto ilikuwa imepinda kwa ndani, kama mtu aliyekunja goti.

Nikampigia. Sikusalimia.

"Hiyo nguzo imepindwa na nini?"

 Nilisikia ng'ombe nyuma yake. Kisha akasema, "Robota lilimrudia."

Mimi robota la nyasi nilikuwa silijui. Akanieleza kwamba huko kwao nyasi za ng'ombe hufungwa na mashine, si mraba kama gunia, bali duara, kama pipa, kubwa kupita pipa, na zito kuliko watu kadhaa. Dereva wao aliliweka ndani ya ndoo, akaliinua juu ya rundo, hakuigeuza ndoo. Ikamlalia. Gunia lingetulia kwenye ndoo. Duara halitulii. Liliviringika nyuma, likashuka juu ya mikono ya trekta kama linashuka ngazi, likagonga nguzo.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Bega ndiyo haliinuki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza hivyo. Msichana wako ndiye aliniuliza hivyo, ile siku ya kwanza, kabla yako. Nikamwambia yote."

Nikakata simu, nikaketi pale kwenye baraza ya chini, watu wanapita na samaki wao na watoto wao, nami sioni mtu. Kwa hivyo ulijua. Ulijua siku ile ile, ukatazama viatu vyako, ukanyamaza. Wallahi mwanangu, sikuwahi kukushuku wewe. Wengine wote, ndiyo. Wewe nilikuwa nimekuweka kando, kama mtu anavyoweka sahani nzuri.

Sasa nikaanza kukutazama. Nikaona unachelewa kurudi. Ulisema uko Buxton kwa rafiki yako unajifunza kupika chapati za maji, na chapati hatukuziona. Nikaona kutu kwenye mkono wa dera lako. Nikanusa shati lako la kazi, ndiyo, nililinusa, likanuka dizeli na jasho la jua, si la kivulini. Nikasema kuna mwanamume. Nikasema kuna mwanamume fundi, na shamba la Kitale ni kisingizio, na bega lisiloinuka ni hadithi mliyotunga nyote.

Siku ya pili yake nikaazima buibui la Bi Zuhura na niqabu yake. Alinipa bila kuniuliza, akanirekebisha tu kwenye macho. "Ukimpata," akasema, "usipige kelele. Rudi uniambie mimi kwanza."

Nikakufuata mpaka Kibarani.

Pale karibu na bahari, ambapo zamani kulikuwa na jaa na sasa wamepanda majani na kuweka viti, yule mtu aliyenunua trekta letu kuukuu huliegesha kando, hubebea udongo wa wenye bustani. Nililijua kwa mbali. Mtu hulijua kama anavyomjua mtu kwa mwendo. Na wewe ulikuwa juu ya kiti chake. Na kwenye ndoo mmelaza pipa tupu, ubavu, liviringike litakavyo. Na aliyesimama ubavuni, mbali kidogo na mikono ya trekta, kofia nyuma ya kichwa, alikuwa Kazungu.

Nikajificha nyuma ya lori la mchanga.

Ukainua. Ndoo ikaanza kukulalia, nawe hukuona, kwa sababu kiti kilikuwa kinakunong'oneza. Pipa likasogea. Likagonga ukingo wa juu wa ndoo, likaning'inia pale, linafikiria.

"Chini!" Kazungu akapiga kelele. "Chini! Wangoja likusalimie?"

Nilishika bodi ya lori mpaka kucha ikavunjika. Ukashusha. Polepole, hukushtuka, hukuachia kishikio. Pipa likarudi mahali pake. Nami nikapumua ndani ya kitambaa cha Bi Zuhura.

"Umeliona?" Kazungu akakuuliza.

"Nimeliona."

"Hukuliona. Umelisikia likigonga. Mama yako angeliona kabla halijaanza."

Mishi, sikujua niende wapi na maneno yale. Mtu niliyekagua nati zake kila asubuhi, miaka, na hivyo ndivyo anavyonisema mahali anapodhani sipo.

Ukajaribu tena, na tena. Pipa likakugeukia, ukashusha. Likakugeukia, ukashusha. Mimi pale nyuma ya lori mkono wangu wa kulia ulikuwa unageuka wenyewe ndani ya buibui, nakusaidia kama mwehu. Kisha mara moja, sijui ni ya ngapi, niliona kifundo chako kikigeuka kabla ya pipa. Kidogo. Kama mtu anayegeuza ufunguo hataki kumwamsha mtoto. Ndoo ikapanda mpaka juu na pipa likabaki limelala humo, halina habari.

Kazungu hakupiga makofi. Akasema tu, "Sasa lishushe kama ulivyolipandisha."

Sikutokeza. Nilirudi kwa miguu mpaka kwetu Mwembe Tayari, nikitokwa na jasho, na Bi Zuhura aliyekuwa akinisubiri dirishani nikamwambia hakuna mwanamume. Alisikitika kidogo, nafikiri.

Asubuhi yake kazini Kazungu akanipita, akasema bila kunitazama, "Mama Mishi, jana Kibarani kulikuwa na mwanamke wa niqabu amevaa buti za kazi."

"Wanawake wengi wana buti," nikasema.

"Wengi," akasema.

Muuza kahawa akapita. Nikachukua vikombe viwili, kimoja nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua mpaka puani, akakinusa. Muda mrefu. Tukacheka mpaka tukaketi chini, kicheko ambacho kilikuwa kimetukaa kooni tangu siku ile ya mbolea. Sikumwomba radhi kwa maneno. Nilimwuliza kama tutafute pipa lenye maji kidogo ndani, kwa sababu tupu haliviringiki kama zito. Akasema mlikuwa mmeshaanza kulitafuta kwenye vyuma chakavu, nami nikajua ile kutu ya dera lako ilitoka wapi.

Sasa nikwambie nilichokifikia, halafu nikaweke mchele jikoni.

Sikwambii uache kushuku. Sijui kuacha, siwezi kukufundisha nisichokijua. Nakwambia tu kwamba nimeshuku watu na vitu kwa miaka, na watu walinigharimu, vitu viliniokoa. Trekta ukilishuku halichukii. Likague, lizunguke, lipande huku unalidhania baya, na jioni liko pale pale, halijakukunjia uso. Mtu ukimfanyia hivyo kila asubuhi, atakuachia nafasi, na nafasi hiyo utakaa nayo peke yako. Mimi nilikaa nayo.

Kwa hiyo kishuku kiti. Usikiamini hata siku moja. Lishuku robota, hasa lile lililotulia. Ukitembea nalo, liwe chini karibu na ardhi, usitembee nalo juu kwa kuwa njia ni fupi. Ishuku ardhi ya huko, nasikia ni milima, na trekta likiinama, hata ndoo uliyoiona iko sawa imeinama. Mtazame Bwana Kiplagat, lakini mtazame kama mtu, umpe nafasi ya kusogea ndani ya picha. Aliniambia ukweli nilipouliza vizuri. Aliniahidi kwamba mwenye shamba ameshaagiza ule mkuki mrefu wa chuma wa kulidunga robota katikati, ulishike lisiviringike, kwa sababu ndoo si mahali pa robota. Ukifika, kabla hujaonyeshwa kitanda, waambie wakuonyeshe huo mkuki. Wakisema uko njiani, wewe chota samadi, beba udongo, fanya kazi yoyote ya chini. Robota usinyanyue. Wakikulazimisha, rudi. Hutakuwa umeshindwa. Chumba kiko, na kimeinama vile vile.

Na kuna jambo ambalo sikulijua nikiwa na umri wako. Nilidhani nikikuzuia ndio nakulinda. Ile siku ya picha nilikuwa nimeshaamua huendi. Nilikuwa nimepanga nianguke, nijifanye mgonjwa, Bi Zuhura alikuwa tayari kulia. Kilichonigeuza ni kile kifundo chako. Niliona mtu aliyeambiwa habari ya kutisha, akaificha kwa mama yake mwoga, akaenda kutafuta pipa. Mtu huyo siwezi kumfungia hapa na gololi. Natumaini, mwanangu. Sijazoea neno hilo, nalishika kama chombo cha mtu, lakini natumaini. Nakuona una kiti chako, na trekta lenye vile vyuma viwili, na msichana mwingine yuko chini na fagio anakutazama, nawe unamwita apande.

Nilikuwa karibu nisahau nondo.

Lile trekta letu kuukuu lilipouzwa, nililipanda usiku wa kuamkia, hapana, si usiku, ilikuwa adhuhuri watu wako msikitini, nikafungua kitu changu kimoja. Ni kipande cha nondo, kimenyooka, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Nilikuwa nimekifunga juu ya ukingo wa ndoo, sawasawa na sakafu yake. Sakafu huioni ukiwa kitini, lakini nondo unaiona. Nondo ikilala, ndoo imelala. Ikielekeza ncha mbinguni, ndoo inakulalia, geuza kifundo. Nilikuwa nailinganisha na ukingo wa paa la godauni la pili. Wewe huko tafuta ukingo wa banda, lakini kwanza hakikisha banda lenyewe halikujengwa na babu yake Bi Zuhura.

Nimeizungushia kipande cha ile leso nyekundu niliyokubebea mgongoni, ili uione hata kukiwa na ukungu, na nimeitia chini kabisa ya begi lako ulipokwenda kuwaaga watu wa msikitini. Ikifika huko mpe fundi aikaze vizuri, wewe umesimama hapo unamtazama, na akimaliza ikaze tena mwenyewe.

Ndiyo maana begi lako ni zito. Nasikia umelifungua tena. Unatoa nguo moja moja. Umefika chini. 

Umeniita. "Mama! Nani ametia chuma kwenye begi langu?"

Hukuuliza ni nini. Umeuliza ni nani, kama mimi. Basi nimekulea, utafika salama inshallah.

Nakuja.

Mama yako